Kitonge cha Nta na Kanuni za Mwalimu wa Fizikia

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nalisema mapema ili msomaji asije akanidai habari za safari. Wapo watu ambao wakisikia honi ya treni miguu huwawasha. Mimi nikiisikia naangalia kama mlango umefungwa. Nimezaliwa pembezoni mwa mji wa Mpanda, nikasoma pale pale mpaka kidato cha nne, na elimu yangu ya kuonyesha watu inaishia hapo. Lakini miaka ya tisini niliwahi kusoma muhula mmoja wa fizikia ya chuo, na huo nauandika kwa sababu watoto wa ndugu zangu wanadhani nimeishi maisha yasiyo na hatari.

Siku hizo Mpanda ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Rukwa. Mtu akisema Katavi tulijua anasema mbuga ya viboko. Mjini palikuwa na chuo kidogo kilichoanzisha kozi ya fizikia ya mwanzo kwa ajili yetu sisi tuliomaliza sekondari tukiwa na alama ambazo mtu hawezi kuzitaja mbele ya wageni. Ukifaulu kozi hiyo, unaendelea hapo hapo na masomo ya ufundi. Ukishindwa, unarudi ulikotoka. Nilikotoka mimi kulikuwa ni kuvuka reli na kupita shamba la mihogo la jirani, kwa hiyo kitisho hicho hakikuninyima usingizi.

Kilichoninyima usingizi ni kaka yangu. Yeye alikuwa Dar es Salaam, kwenye bohari ya saruji, na alipokuja likizo alinikuta nimekaa palepale aliponiacha likizo iliyotangulia, kwenye kigoda, ubavuni mwa jiko la mama.

"Huyu amepaliliwa?" akamuuliza mama.

"Mwache mwanangu, anasubiri majibu ya chuo."

"Mama, huyu akiachwa mwaka mwingine ataota mizizi. Mtakuja kumvuna."

Basi pakakaliwa kikao, na kikao cha kwetu hakina wajumbe wa kukutetea. Baba, ambaye nusu ya mwaka huishi porini Ugalla na mizinga yake ya nyuki, akasema ni vizuri kijana akaona dunia. Mama akasema ni vizuri kijana akasoma. Wakakubaliana kwa namna hii: nisome ile kozi, nikifukuzwa, napanda treni na kaka kwenda Dar. Vijana wote wa mtaa wetu wangetoa jino wapate adhabu kama hiyo. Mimi niliposikia neno Manzese, mtaa aliopanga kaka huko Dar, nilisogeza kigoda karibu zaidi na jiko. Kwa hiyo naomba ieleweke kuwa kama nilipata kuipenda fizikia, niliipenda kwa sababu ilikuwa karibu.

Mwalimu wetu alikuwa Mzaramo wa Pwani, mfupi, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na kona. Siku ya kwanza hakufundisha kitu. Alisimama ubaoni akatuimlia kanuni za somo lake, tukaandika.

"Mimi nikishaingia, mlango umefungwa," akasema. "Mlango hauna masikio, kwa hiyo msije mkausimulia habari za mvua. Praktiko mbili ukizikosa umeikosa kozi. Marudio hakuna. Na sitaki habari za bibi. Nimeshaona, kila praktiko ngumu ikikaribia, mabibi wa wanafunzi wangu wanaanza kufariki. Nawaonea huruma wazee hawa. Waacheni wazeeke."

Tulicheka kidogo, kwa woga. Akaendelea. Chuo hakina vifaa, kila mtu atajitengenezea cha kwake kwa vitu vya kwao: kifaa chako, lawama zako. Matokeo yaandikwe kwa kalamu ya wino. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, hufuti, kwa sababu anayefuta anaficha. Halafu akashusha sauti, kama mtu anayefika kwenye jambo lenyewe.

"Andika ulichokiona. Usiandike alichokiona mwenye kitabu. Mwenye kitabu ana cheti chake tayari. Na wakati wa mtihani, anayetoka chumbani amejitoa. Iwe umebanwa na mkojo, iwe umeitwa na mjumbe. Ukitoka, umetoka. La mwisho: ndani ya maabara hakuna utani."

Akaanza kutuuliza mmoja mmoja anatoka wapi na ni kabila gani. Ilipofika zamu yangu nikasema Mkonongo. Sasa, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na sisi Wakonongo huwa ni Wanyamwezi pale inapotufaa. Nilimwona mwalimu anajizuia. Alijizuia mpaka akashindwa.

"Babu yako alimbebea babu yangu mizigo mpaka pwani," akasema.

"Ndiyo, mwalimu. Ila mzigo wenyewe haukufika. Alimla kuku wenu njiani."

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu akageukia ubao, mabega yanatikisika, akakaa hivyo mpaka yalipotulia.

"Kanuni ya utani," akasema bila kugeuka, "inaanza kesho."

Praktiko tulifanya wawili wawili, mmoja anahesabu na mwingine anashika saa, lakini kila mtu anaandika karatasi yake. Mwenzangu alikuwa dada wa Mishamo, katika yale makazi ya wakimbizi wa kutoka Burundi. Wazazi wake ndio waliokimbia. Yeye alizaliwa huku huku, akasoma Kiswahili kuliko mimi, na bado ili atoke makazi kuja Mpanda ilibidi aandikiwe kibali. Mkononi alivaa saa ya baba yake, kubwa kama kifuniko cha birika, ameisukuma mpaka karibu na kiwiko ili isidondoke. Hakuwa mtu wa mchezo. Lakini ulimi alikuwa nao.

"Jumamosi utakwenda wapi?" aliniuliza wiki ya kwanza.

"Nyumbani."

"Na Jumapili?"

"Nitakuwa bado sijatoka."

Akanitazama kama mtu anayetazama mbuzi aliyekataa majani. "Mimi nikitaka kwenda hata Tabora, ni mpaka nipige foleni, niandikiwe. Wewe nchi nzima umeruhusiwa, umeikunja umeiweka chini ya godoro."

Jumamosi ile nilikwenda nyumbani. Na Jumapili sikutoka.

Praktiko ya kwanza niliyoikosa, niliikosa kwa sababu ya viazi. Mama alikuwa ameinjika viazi vitamu, na vilikuwa vimefika pale ambapo harufu inatoka lakini kijiti hakijapita. Kiazi cha namna hiyo hakiachwi. Nikasubiri. Nilipofika chuoni mlango umeshafungwa, na kama tulivyokuwa tumearifiwa, mlango hauna masikio. Nilisimama kidogo, nikasikia sauti ya mwalimu inapanda na kushuka, na kwa kuwa haikuwa na maana kukaa nje kama mdai, nikarudi nyumbani nikamalizia viazi.

Ndipo nikajikuta nikikosa praktiko moja tu zaidi nimefukuzwa. Na barua ya kaka ikafika kwamba anakuja, na kwamba ameshazungumza na mwenye nyumba wake kuhusu mkeka wa pili.

Mtihani wa praktiko ulitangazwa: pendulamu. Asiyeijua asitishike, ni kitu kizito kinachoning'inia kwenye uzi, unakisukuma kidogo kinabembea kwenda na kurudi. Unahesabu mibembeo, mwenzako anasoma saa, unabadilisha urefu wa uzi, unarudia, halafu kwa hesabu ndefu unapata nguvu ya dunia ya kuvuta vitu chini. Mwenye kitabu aliipata tisa nukta nane. Wanafunzi wa dunia nzima nao huipata tisa nukta nane, hata wenye uzi uliokatika.

Kitu kizito kila mtu alikitafuta kwao. Wengine walileta nati ya trekta, wengine kokoto iliyofungwa kwenye kitambaa. Dada wa Mishamo alileta kufuli. Mimi nilizunguka jikoni. Baba alikuwa amerudi kutoka Ugalla siku chache kabla, na kwenye sufuria ya zamani palikuwa na nta aliyoyeyusha, bado ya njano, bado ina kiasi cha asali kwenye kingo. Kwetu nta inafanya kila kitu. Ndoo ikitoboka, nta. Mpini ukilegea, nta. Uzi wa kushonea viatu unapakwa nta. Kwa hiyo sikufikiri hata kidogo. Nikachukua nta ikiwa vuguvugu, nikaifinyanga kitonge kama cha ugali, nikachomeka uzi katikati, nikakiviringisha mpaka kikawa cha mviringo mzuri kuliko kitu chochote nilichopata kutengeneza. Baba alikuwa amelala. Angekuwa macho, habari hii isingekuwapo.

Mwalimu alipita mezani kwangu kabla ya kuanza. Akakiinua kitonge, akakinusa.

"Hiki cha kupimia au cha kula?"

"Cha kupimia, mwalimu."

"Kifaa chako," akasema, na kupita. Alijua tunajua sentensi inavyomalizika.

Ulikuwa ule wakati kabla ya mvua ambapo miombo inatoa majani mekundu na joto linakaa chumbani kama mgeni asiyeaga. Madirisha yalikuwa ya mbao, yamefunguliwa yote. Meza yetu ilikuwa dirishani, kwa hiyo kitonge kilining'inia pale kwenye upepo, kinapigwa na jua, kinalainika, kinanukia.

Aliyekulia kwa wafuga nyuki ameshaniona nilivyo mjinga. Kwa asiyejua, nieleze. Baba akitundika mzinga mpya juu ya mti, kwanza anaupaka nta ndani. Kundi la nyuki lililohama kwao, linalotafuta pa kukaa, likisikia harufu ile linajua hapa palishakaliwa, hapa panafaa. Kwa hiyo nilichofanya mimi, kwa lugha ya kwetu, nilitundika tangazo la nyumba ya kupangisha kwenye dirisha la maabara.

Walianza kuja wawili watatu. Wakazunguka kitonge, wakaondoka. Dada wa Mishamo akaniangalia.

"Wale ni nyuki wenu?"

"Wanapita tu."

"Hawa wameondoka kama watu wanaokwenda kuita wenzao."

Nilikuwa nimeshaandika mstari wa kwanza wa vipimo niliposikia mlio. Kama huujui, fikiria lori linapanda mlima mbali, halafu limefika. Kivuli kikapita dirishani na chumba kikajaa nyuki.

Mwalimu alisema "tulieni" mara mbili, ya kwanza akiwa ubaoni, ya pili akiwa uwanja wa mpira. Katikati ya hizo mbili maabara ilikuwa imebaki tupu. Viti vimelala chali, nati ya trekta inabembea peke yake, na mimi nimekaa.

Ningependa kuandika kwamba nilikaa kwa ushujaa. Ukweli ni kwamba nilipima haraka sana: mbele yangu nyuki, nyuma yangu Dar es Salaam. Anayetoka chumbani amejitoa. Nikachagua nyuki. Na pengine hata bila hesabu hiyo ningekaa, maana kutoka sijawahi kukuweza.

"Uko hai?" Sauti ilitoka nje ya dirisha. Dada wa Mishamo alikuwa amesimama upande wa pili wa ukuta, kanga ya kichwani ameishusha mpaka mdomoni, na mkono mmoja, ule wenye saa, ameupitisha dirishani ukalala juu ya meza yetu.

"Umetoka," nikamwambia kwa mdomo uliofumbwa. "Mwalimu alisema anayetoka amejitoa."

"Sijatoka. Mkono wangu uko ndani."

"Na wewe je?"

"Leo mimi ni mkono. Anza kuhesabu."

Nikahesabu. Kitonge kinabembea, na nyuki wanatua juu yake huku kinakwenda, kama wasafiri wanaodandia gari linaloondoka. Walijaa mpaka nta haikuonekana. Kitonge kikawa ngumi, na ngumi yenyewe ina nywele na inavuma. Mmoja aliniuma sikioni, mwingine juu ya jicho, na jicho likaanza kufunga duka. Nilihesabu kwa lililobaki. Mkono ulio mezani ulikuwa hautikisiki, ingawa nyuki mmoja alikuwa anautalii kutoka kidole hadi kidole, na nje ya ukuta nilisikia Kirundi kinasemwa taratibu sana, nadhani ilikuwa sala.

"Muda?" nikauliza.

Akausoma. Nikaangalia karatasi yangu, pale nilipoandika kabla nyuki hawajaja. Uzi ulikuwa ule ule. Muda ulikuwa ule ule.

"Saa yako imesimama."

"Saa ya baba yangu haisimami."

"Kitonge kimekuwa kizito mara tatu, dada. Kitu kizito hakiwezi kubembea sawa na chepesi. Rudia."

Tukarudia. Ule ule, labda na tofauti ya kupepesa jicho, na jicho lenyewe lilikuwa moja. Kwa mujibu wa kila nilichojua kuhusu vitu vizito, na nimebeba magunia, jambo lile lilikuwa na kasoro. Lakini nilikuwa nimechoka kubishana, na sikio lilikuwa limefikia ukubwa wa kusikia mambo ya mtaa wa pili. Nikaandika kwa wino nilichokiona: Nyuki wametua. Kitonge kimekuwa kizito. Muda haujabadilika. Sijui kwa nini.

Baadaye nyuki, walipoona nyumba waliyotangaziwa haina mlango wala vyumba, waliinuka wote kwa pamoja wakaenda zao upande wa msitu. Darasa likarudi likinyemelea, mwalimu akiwa wa mwisho, kona za shati zimepotea.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Kijana mmoja wa Kasansa, ambaye alikuwa amekimbia mpaka akavuka uwanja, akataka kujua kama kanuni ya kutoka chumbani inahusu na hatari ya kifo. Mwingine akauliza kama inahusu na walimu. Mwalimu akatafuta chaki, akaipata, hakuandika kitu.

"Mtihani," akasema, "ni mimi. Bila mimi hakuna mtihani, kuna watu na nyuzi. Nilikokwenda mimi ndiko mtihani ulikokwenda. Walionifuata uwanjani walikuwa kwenye mtihani muda wote." Akanigeukia. "Kwa maana hiyo hapa kuna mtu mmoja tu aliyetoroka. Huyu Mnyamwezi aliyebaki ndani."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilijaribu kucheka na uso ukakataa, kwa kuvimba na kwa hofu. Nilijua kuwa utani ule, kanuni au hakuna kanuni, ungeweza kabisa kuandikwa kwa wino.

"Na mkono, mwalimu?" dada wa Mishamo akauliza. Alikuwa ameshika kiwiko chake kama ushahidi. "Mkono haukuja uwanjani."

"Leteni karatasi," mwalimu akasema. "Majibu kesho asubuhi."

Jioni ile kaka akashuka kwenye treni. Alinikuta nimekaa pale jikoni, ubavu wa kushoto wa uso umejaa kama andazi. Baba ameshasimuliwa na ameshacheka mpaka amekohoa, na sasa ananipaka dawa na kuuliza kwa upole kama hapo chuoni wanahitaji na chambo cha fisi.

"Kwa hiyo umefukuzwa," kaka akasema.

"Kesho ndiyo nitajua."

"Nguo zako nitazifunga leo. Tusije tukachelewa."

Alizifunga kweli. Sikulala upande wowote.

Asubuhi alinisindikiza chuoni akasimama nje ya lile lile dirisha, mikono kwenye mbao, kama mtu anayesubiri mzigo wake utolewe ghalani. Mwalimu akaingia, mlango ukafungwa. Karatasi ya juu ilikuwa yangu. Niliijua kwa alama ya asali.

"Simama, mtani," akasema. "Siku ile niliyofundisha kwamba uzito hauhusiki na muda wa kubembea, ulikuwa wapi?"

"Nje ya mlango, mwalimu."

"Ulisikia kupitia mlangoni?"

"Hapana. Nilikuwa nimeshaenda nyumbani."

"Kufanya nini?"

"Viazi."

Aliacha kicheko kiishe. "Baadaye nani alikueleza somo hilo?"

"Hakuna."

"Wewe dada, hukumwambia?"

"Hakuniuliza," akasema dada wa Mishamo. "Ananiuliza habari za chakula tu."

Mwalimu akaziinua karatasi za wengine kwa mkono mmoja. "Hawa wote wameniandikia tisa nukta nane. Kuna mmoja hapa ameipata tisa nukta nane kabla hajafunga uzi. Huyu mmoja ameniandikia kumi na kidogo, hesabu zake ni za aibu, kugawanya amegawanya kama mtu anayegombana. Lakini ameandika kwamba uzito umeongezeka na muda haukubadilika, na kwamba hajui kwa nini. Angekuwapo siku ile ningesema amekariri. Hakuwapo. Hakujua. Ameona." Akaziweka mezani. "Miaka yote hii nawaambieni nyie andikeni mlichokiona. Sikudhani yupo atakayenisikiliza, na wala sikudhani atakuwa Mnyamwezi."

Akanipa alama ya kufaulu, ya chini kabisa inayoitwa kufaulu, akikata kiasi kwa kuingiza mifugo maabara bila ruhusa. Mkono akaupitisha. Alisema umeonyesha nidhamu, na kwamba angekuwa na namna angeuandikia cheti mkono tu. Na wengine, kwa kuwa mtihani alishasema ulikuwa uwanjani, aliwarudisha uwanjani wakaumalizie. Walifunga nyuzi zao kwenye mlingoti wa goli, nati na kokoto zikawa zinabembea juu ya mstari, na wapita njia wakasimama kuuliza hiyo ni dawa ya timu gani.

Kozi niliimaliza. Masomo ya ufundi yaliyofuata yalinishinda mapema, lakini kufikia hapo baba alikuwa ameanza kuumwa mgongo na mtu wa kushughulikia nta alihitajika hapa hapa. Dada wa Mishamo aliendelea mbele, na nilisikia alifika mbali ambako mimi nisingefika hata kwa kubebwa.

Asubuhi ile tukirudi kutoka chuoni, kaka alitangulia mbele kwa hatua kubwa. Nilidhani amekasirika. Nyumbani alilifungua furushi langu, akazitoa nguo moja moja, na ndani nikaona shati jipya ambalo sikuwa nalo. Alikuwa amelileta kutoka Dar.

"Hili nalo?" nikauliza.

"La kuvaa Jumapili. Nilikuwa nimepanga tuwe tunakwenda kuangalia bahari." Akalikunja upya, akanipa. "Chumba kile kina kimya, mdogo wangu. Watu wamejaa nje, kelele usiku na mchana, lakini ukifunga mlango huna wa kumwambia ugali umeungua."

Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia hilo kwenye kikao. Siku zote nilidhani ananitoa nyumbani kwa faida yangu. Sikujua alikuwa anataka kidogo cha nyumbani kimfuate kule.

Siku ya kuondoka kwake nilimsindikiza stesheni, na kwa mtu kama mimi hiyo ni safari. Treni ilichelewa, kama kawaida yake, tukakaa juu ya mfuko wake tukila karanga na kuwacheka watu. Ilipoita, akapanda, akakaa dirishani.

"Njoo basi hata kutembea," akasema.

"Nitakuja."

"Muongo."

"Ndiyo," nikasema.

Akacheka, treni ikaanza kusogea. Nilitembea nayo sambamba kidogo, mpaka pale jukwaa linapoishia, nimevaa lile shati, nikiwa mbali na nyumbani kuliko nilivyokuwa nimepanga siku hiyo.